Waacheni Wazee Waimbe Jipya

Kuna hukumu iliyozoeleka hapa Gando, na nadhani msomaji wa Mkoani, wa Chake Chake au wa Ng'ambo kule Unguja ameisikia kwa maneno karibu yale yale: taarab ilikuwa zamani. Hutolewa barazani baada ya sala ya alasiri. Hutolewa harusini pindi kinanda kinapoanza kulia. Hutolewa hata na kijana wa miaka 25 ambaye hiyo zamani yenyewe hakuidiriki, ameisikia kwa simu tu. Kikitajwa kikundi chochote kilichodumu, iwe Nadi Ikhwani Safaa, iwe Mila na Utamaduni ambao wengi tunawaita Culture, iwe hata hawa wa taarab ya kisasa, mjadala huwa mfupi: nyimbo zao za mwanzo zilikuwa nyimbo, za mwisho ni kelele. Halafu kahawa humiminwa na watu wakahamia kwenye bei ya karafuu.

Nakusudia kuipinga hukumu hii. Naipinga kwa sababu imetolewa bila ya ushahidi kusikilizwa, na kwa sababu wapo watu walio hai ambao inawanyima riziki na heshima hali ya kuwa sisi tunajiona tunawasifu.

Tuanze na ushahidi. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa santuri za taarab ya Zanzibar, na katika mfululizo huo Ikhwani Safaa wakapata sauti yao na Culture wakapata yao. Mwaka 1996 Culture wakatoa Ujerumani albamu iliyoitwa Spices of Zanzibar. Mwaka 2000 ikafuata Bashraf, ambayo ni ya ala tupu, haina mwimbaji. Ikaja Waridi katika miaka michache iliyofuata, na mwaka 2009 ikaja Shime! Ikhwani Safaa nao, walioanzishwa mwaka 1905, walipotimiza miaka 100 walitengewa juzuu ya kwanza ya mfululizo wa Zanzibara unaotolewa Ufaransa. Hii ndiyo kazi ya wazee hawa katika umri wao wa utu uzima, na si kazi ndogo.

Sasa naomba kuuliza: nani katika Gando ameisikiliza? Sisemi nani amesikia wimbo mmoja ukipita katika mtandao. Nasema nani amekaa, akaanza wimbo wa kwanza, akamaliza wa mwisho. Mimi sijapata kuiona hata moja katika albamu hizo ikiuzwa katika duka la Wete. Zilirekodiwa kwa fedha za Ulaya, zikachapishwa Ulaya, zikauzwa kwa bei ya Ulaya, na mwenyewe wa lugha, anayeielewa kila tungo bila ya karatasi ya tafsiri, hakufikishiwa. Msikilizaji wa Frankfurt alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuihukumu Spices of Zanzibar kuliko mchumaji karafuu wa Gando. Na bado mchumaji karafuu huyo ana hukumu tayari!

Ameitoa wapi? Ameitoa redioni. Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baada ya Mapinduzi ikaendelea kwa majina mengine hadi kufikia hii ZBC ya leo. Kwa watu wa Pemba redio ilikuwa ndiyo ukumbi wetu. Mjini Unguja mtu aliweza kutoka kwao jioni akenda kusikiliza mazoezi ya chama. Sisi tulikuwa na betri, na betri zikilegea tulizianika juani. Tuliyoyasikia tukayapenda, na tulistahiki kuyapenda. Lakini tulichokisikia kilikuwa kimechujwa mara tatu. Kwanza ulichaguliwa wimbo wa kurekodiwa, maana mkanda ulikuwa ghali. Kisha mkanda wenyewe ulipaswa kunusurika na joto, unyevu, na mkono wa mtu aliyetaka kurekodi jambo jingine juu yake. Mwisho akaja mtangazaji, miaka 20 au 40 baadaye, akachagua katika vilivyonusurika kile anachokipenda. Kinachobaki baada ya hapo ni mchele uliokwishapetwa na kupembuliwa. Wimbo mbovu wa mwaka 1965, na kwa yakini ilikuwapo mingi, haumfikii mtu. Wimbo mbovu wa wiki iliyopita humfikia kila mtu kabla ya Ijumaa.

Basi tunauweka mchele uliopetwa upande mmoja wa mizani, na mpunga uliotoka bondeni jana upande wa pili, pamoja na makapi yake na vijiwe vyake, halafu tunatangaza kwamba wakulima wa siku hizi hawajui kulima.

Na kuna jambo ambalo mtu wa Pemba khasa alipaswa kuwa wa mwisho kulisahau. Zamani hiyo ilikuwa na wenyewe. Culture walitokana na vijana wa Afro-Shirazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na baada ya 1964 chama chao kikawa chini ya mbawa za serikali. Redio ilikuwa ya serikali, na hapakuwa na nyingine. Nyimbo tunazozililia ni zile zilizokubaliwa kurushwa katika miaka ambayo watu wa kisiwa hiki walipanga foleni za chakula, na wakauza karafuu zao kwa mnunuzi mmoja kwa bei aliyoitaka yeye. Sisemi nyimbo hizo zina hatia. Nyingi ni za mapenzi, na mapenzi hayakupigwa marufuku. Nasema tu kwamba mzee anayewasimulia wajukuu zake tabu za miaka ile kwa uchungu, kisha akaupigia magoti kila wimbo wa miaka ile kama kwamba uliteremka, anafanya kumbukumbu mbili zisizojuana. Aliukumbuka ujana wake, akadhani ameikumbuka sanaa.

Hoja ya pili inayoletwa barazani ni kinanda. Kinanda cha umeme, wanasema, ndicho kilichoiua taarab. Udi, kanuni, fidla, nai, hizi ndizo ala. Hiki chengine ni mashine.

Hapa nataka tuwe wakweli kidogo. Fidla haikuchongwa Hadhramout wala Lamu. Ni ya Ulaya, na Waarabu waliichukua wakaitia sauti zao. Akodiani ambayo hakuna ukumbi wa Unguja usioiheshimu ni kinanda cha mikono miwili chenye mapafu, kimetoka kwenye viwanda vya Ulaya vilevile. Na Ummu Kulthum, ambaye wazee wetu wakimtaja hushusha sauti, mwaka 1964 alipokuwa na umri wa takriban miaka 60 aliimba Inta Umri, muziki wa Mohammed Abdel Wahab, na mbele ya bendi lile kubwa la Kairo likakaa gitaa la umeme. Wapo waliolalamika huko Misri. Miaka haikupita mingi na kinanda cha umeme nacho kikaingia katika nyimbo zake. Kwa hiyo yule mpenzi wa taarab asilia wa Gando anayelaani umeme mchana, usiku akafumba macho kwa Inta Umri, anafumba macho kwa umeme.

Rudi nyuma zaidi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na akaziimba kwa Kiswahili sanaa ambayo makasri yaliitaka kwa Kiarabu. Kwa vipimo vya hukumu yetu, yeye ndiye mharibifu wa mwanzo. Tungemwambia nini? Kwamba taarab ilikuwa wakati wa Sayyid Barghash?

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni East African Melody. Walikuwa Wazanzibari walioondoka kwenda kutafuta maisha Dubai, na katika miaka ya 1990 wakatoa kanda zilizojaa vinanda vya umeme, kanda ambazo zilivuka bahari zikaingia kila nyumba ya Unguja na Pemba. Nakumbuka vyema zilivyopokelewa na watu wazima. Hazikuitwa taarab, ziliitwa rusha roho kwa dharau, na wako waliozikataza majumbani mwao. Leo mabinti waliokatazwa ni mama za watu, na kanda zile zile huombwa harusini kwa jina la taarab ya zamani, ile yenye adabu, tofauti na hii ya akina Jahazi. Na Jahazi yenyewe, iliyokuja katikati ya miaka ya 2000, imekwishaanza kupewa cheo hicho. Mzee Yusuf alipotangaza mwaka 2016 kuacha muziki kwa ajili ya dini, nyimbo zake zilipanda daraja kwa usiku mmoja. Aliporejea mwaka 2020 aliwakuta mashabiki wakiwa na fimbo mkononi, na fimbo hiyo ilikuwa ni Mzee Yusuf wa zamani. Mtu amegeuzwa mpinzani wa nafsi yake.

Ukilitazama jambo hili kwa utulivu utaona kwamba mpaka kati ya taarab na kelele haukai mahali pamoja. Unatembea. Kila kizazi kinauchukua na kuusimika pale kilipofikia umri wa miaka 20.

Nisije nikaonekana natetea kila kilichopigwa. Zipo kanda za kisasa ambazo hazivumiliki: wimbo wa dakika 15 wenye ubeti mmoja na nusu, ngoma ya mashine isiyobadili mapigo tangu mwanzo hadi mwisho, vina vimeachwa vikining'inia, na matusi yaliyovishwa nguo nyepesi yakaitwa mafumbo. Fumbo la taarab lina kazi yake. Linampa msikilizaji nafasi ya kujifanya hakuelewa, na linampa aliyelengwa nafasi ya kuondoka na heshima yake. Likikosa hilo ni ugomvi wa kisimani uliotiwa vipaza sauti. Hayo nayasema wazi. Lakini nimeyasema kwa kutaja kasoro, na kasoro hizo hazitokani na tarehe. Mtunzi aliyezikwepa mwaka 2009 amezikwepa, na aliyezifanya mwaka 1970 alizifanya.

Wala kinanda hakikuja kwa sababu watu walipoteza ladha. Kilikuja kwa hesabu. Bendi kamili la taarab linataka fidla tatu au nne, kanuni, udi, akodiani, chelo, besi, dumbaki, rika, na kikosi cha waitikiaji. Hao wote ni watu. Wanataka nauli ya boti kutoka Unguja, wanataka kulala na kula. Kinanda kimoja kina fidla zote ndani yake na kinapakiwa na mtu mmoja. Mwenye harusi wa Gando anayetaka taarab nyumbani kwake amekuwa akichagua kati ya kinanda na kimya. Tena kumbuka kwamba Pemba tuliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010 tu. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ambayo yalikuwa na tabia zao. Udi hauombi umeme. Lakini mpiga udi anaomba chakula, na hilo hatukutaka kulijadili. Tulitaka fidla nne kwa malipo ya kinanda kimoja, na tulipozikosa tukamlaumu mpiga kinanda.

Lililonikasirisha zaidi, na ndilo lililonifanya niandike, ni athari ya hukumu hii kwa wazee wenyewe. Tunadhani kumwambia msanii mkongwe kwamba nyimbo zake za zamani hazina mfano ni kumtukuza. Mwangalieni anavyoishi na utukufu huo. Anaitwa kwenye sherehe za serikali, anaambiwa apige ule unaojulikana. Anaitwa hotelini Unguja, anaambiwa apige kitu cha asili wakati wageni wanakula. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004 lilimpa jukwaa na wageni wa nchi nyingi, na hilo ni la kushukuriwa, ila wale wageni nao mara nyingi wamekuja kumwona Mzanzibari wa kwenye picha. Mshairi akimletea shairi jipya, na huku Pemba tuna washairi, nani atalitia sauti? Nani atakaa na waitikiaji mwezi mzima kulifunza, hali ya kuwa anajua kwamba siku ya siku ukumbi utapiga kelele kuomba ule wa miaka 50 iliyopita? Kikundi kisichoombwa kipya huacha kutunga. Kikiacha kutunga, waliobaki ni watunza funguo.

Halafu hata huo wa miaka 50 iliyopita haumlishi. Tunayo sheria ya hakimiliki Zanzibar tangu mwaka 2003, na tunacho chombo cha kuisimamia. Pamoja na hayo, nyimbo hizo hupigwa katika magari ya abiria, madukani, harusini, zikanakiliwa kutoka simu moja hadi nyingine, na hapana anayejiuliza mtunzi wake yu wapi. Shabiki anayesema angetoa roho kwa ajili ya taarab ya zamani hajatoa shilingi. Ukarimu wake wote ameumaliza katika kudharau mpya.

Mtazameni Bi Kidude. Aliimba tangu utotoni, akapita Tanganyika nzima kwa miguu, na CD ya mwanzo yenye jina lake mwenyewe haikutoka mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, umri ambao wenzake wengi walikwishazikwa. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Karibu kila tunachokijua juu ya sauti yake ni kazi ya uzeeni; ndiyo ile sauti iliyokauka, yenye mikwaruzo, ambayo hakuna msichana wa miaka 20 angeweza kuiazima. Ikiwa kanuni ya baraza letu ni sahihi, kwamba msanii hufa kabla ya kufa, basi Bi Kidude hana wimbo hata mmoja wa kusikilizwa. Hapana barazani aliyethubutu kulisema hilo, na sijui kwa nini kanuni hiyo inamsamehe yeye peke yake.

Au chukueni Kidumbak Kalcha. Mwaka 1997 watu wa Culture walirekodi kidumbak, ile taarab ya fidla inayokimbia, besi ya sanduku na ngoma mbili ndogo, ambayo waungwana wa Mjini waliiona ni ya watu wa chini, na wakaiita albamu hiyo Ng'ambo. Kwa masikio yangu ile ni kazi yenye ujasiri kuliko nyingi za miaka ya 1960, kwa sababu chama chenye sare na viti kiliingiza ukumbini kitu kilichokuwa kimeachwa uani. Na Bashraf, kwa mtu mwenye subira, inafundisha jinsi fidla na akodiani zinavyosemezana, jambo ambalo redio ya zamani, kwa uduni wa mitambo, haikuweza kutusikilizisha vizuri hata siku moja. Hizo ni albamu za baadaye. Nazitaja kwa majina ili anayetaka kunipinga apate pa kunishika.

Kwani kupinga si vibaya. Ulaya kuna mashabiki wa bendi za vinanda vya umeme ambao hawaachani. Depeche Mode walitoa albamu ya kwanza mwaka 1981. Mwaka 2023, baada ya kufiwa na mwenzao Andy Fletcher, wakatoa Memento Mori, na wapenzi wao mpaka leo wanavutana kama bendi lilimalizika baada ya Violator ya mwaka 1990 au kama hii ya uzeeni ina uzito wake. Wapo wakaidi huko kama walivyo kwetu. Lakini mkaidi wa kule huulizwa wimbo gani, albamu gani, mwaka gani, na asipojibu hunyamaza. Kwetu anayejibu kwa tarehe huonekana anajifanya msomi.

Ninayoyadai si makubwa. ZBC ina hazina ya kanda ambayo hakuna nchi jirani inayo mfano wake; na itenge basi saa moja kwa wiki kwa kazi za Ikhwani Safaa na Culture zilizotoka baada ya 1988, nzima nzima, mtunzi atajwe, mwaka utajwe, wapigaji watajwe. Wizara inayohusika na utamaduni iwaulize wenye haki zile albamu za Ujerumani na Ufaransa ni kwa masharti gani zinaweza kupatikana Wete na Chake Chake kwa bei ya mtu wa hapa. Skuli zetu ambazo hufundisha ushairi kwa vitabu vya mitihani zichukue utenzi au shairi la mtunzi wa Gando aliye hai, walipeleke kwa kikundi, walipie. Na sisi wa barazani, kabla ya kufunga kesi, tukae jioni moja na spika moja na Shime! kutoka mwanzo hadi mwisho, bila ya mtu kuruka. Atakayesema baada ya hapo kwamba ni mbovu, nitamsikiliza kwa hamu, maadamu ataniambia ni wimbo wa ngapi.